Taa ya Jioni na Krispi za Ndizi

Tangu mvua zianze, Ambili alikuwa akiwasha taa ya chumba cha sala kila jioni bila kuruka hata siku moja. Majirani walimsifu kwa uchaji. Wangejua! Katika nyumba ile mwanamke akiwa mwezini hagusi taa, na hedhi ya Ambili ilikuwa imepotea kabisa. Kila kiberiti kilipowaka, mama mkwe wake, Devayani, aliguna.

Daktari wa hospitali alisema ovari zina vifuko vidogo vidogo, homoni zimevurugika. Apunguze vya kukaanga, atembee. Tabibu wa mitishamba akamshika mshipa wa mkono, akamkagua ulimi, akasema yaleyale, ila akaongeza kashayam, dawa ya kuchemsha iliyo chungu kama talaka. Na krispi za ndizi, marufuku!

"Dawa nitakunywa, Amma," Ambili alimwambia mkwewe. "Lakini kutembea? Niende wapi, kwani nafukuzwa?"

"Na krispi?"

"Nimeshaziacha."

Kesho yake huyo, kachepuka hadi duka la karibu na hekalu. Mafungu manono ya krispi yalining'inia juu ya kichwa cha mwenye duka.

"Zimeisha, dada."

"Na hizo?"

"Hizo za maonyesho."

Duka la stendi nalo: "Zimeagizwa za harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya… ya mtu."

Ambili akafungua mwavuli, akakatiza mashamba ya mpunga, akavuka daraja. Mzee wa ng'ambo ya mto akampa kipakiti kisichojaza kiganja. Alikimaliza njiani, akafika nyumbani jasho likimtiririka.

"Ulikuwa wapi?"

"Hekaluni, Amma."

"Mungu akubariki, mwanangu. Na kesho uende."

Akaenda kesho, na keshokutwa, mvua kwa jua. Kipakiti kilizidi kusinyaa, na vifungo vya blauzi yake vikaacha kulalamika. Kashayam aliinywa pia, kwa kuziba pua.

Jioni moja akasimama mlangoni pa chumba cha sala, hakuingia.

"Amma, leo washa wewe."

Devayani alibaki ameshika kiberiti. Kisha akakimbilia nyuma ya jiko, akasikika akipenga kamasi kwa muda mrefu. Aliporudi, macho mekundu, uso ulikuwa umejaa utundu.

"Mungu wa hekaluni kakusikia. Siku hizi anauza krispi?"

Ambili akajifuta midomo haraka.

"Duka la hekaluni nililikataza mimi. La stendi pia. Yule mzee nikamwambia akupe kiduchu, usije ukashiba ukaacha kwenda."

"Amma! Miguu yangu yote hii!"

"Ndiyo hiyo hiyo iliyokuponya. Na bado, huu ni mwezi mmoja tu. Wiki ijayo yule mzee naye ataishiwa. Liko duka jingine nyuma ya kilima."

Ambili alinuna, akatazama ukutani, akavumilia, akashindwa.

"Hilo la kilimani," akauliza, "zake ni za chumvi au za sukari guru?"