Miwani ya Cheche

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na kazi. Nusu ya mageti ya mtaa yametoka mikononi mwake, na ukiyasukuma hayalalamiki. Basi mtu wa namna hiyo, asubuhi moja akaitazama dari, akaona hana sababu ya kuvaa viatu. Kesho yake vivyo hivyo. Karakana ikafungwa, na ndani yake kikabaki kitanda cha mtoto chenye miguu mitatu, wa nne haujaungwa.

Kitanda chenyewe ndicho kilichokuwa kikimkaba roho. Binti yake wa pekee alikuwa mjamzito, na Cheche alishatamba mbele ya watu: "Mke wangu mdogo anakuja, hatalalia kitanda cha dukani. Nitamjengea mwenyewe." Sasa tumbo linakua, kitanda hakikui. Kila akikifikiria analia, halafu anaona haya kwa kulia, halafu haya zinamliza upya. Usiombe yakukute. Mwishowe mkewe akamburuta hospitali.

"Hii inaitwa sonona," alisema mshauri wa hospitali, dada mpole mwenye sauti ya kubembeleza.

Cheche akamgeukia mkewe. "Jina zuri. Ungedhani ni la binti wa watu."

"Afadhali umetania," mkewe akajibu. "Siku zote hizi nilikuwa naishi na kabati."

Mshauri akampa dawa, akampa na miadi, na juu ya hapo akaleta miwani. Miwani gani hiyo! Nene kama tofali, inafunika nusu ya uso. Ukiivaa, akaeleza, unajikuta ndani ya nyumba ya picha. Ukigeuza shingo unaona nyuma, na kwa kifaa cha mkononi unafungua madirisha, unamwagilia maua. Vijikazi vidogovidogo, ili moyo uliosahau kutenda ujikumbushe. Cheche aliona ni utoto mtupu, lakini mkewe alikuwa amekaa mlangoni, na mkewe akikaa mlangoni hapiti mtu.

Akavalishwa.

"Unaona nini, baba?"

"Giza."

Mshauri akabonyeza hapa, akachomoa waya, akauchomeka tena. "Na sasa?"

"Giza lilelile."

Mshauri akaijaribu mwenyewe. Maua tele, jua linawaka. Akamrudishia Cheche. Giza. Hapo moyo wa Cheche ukazama kabisa. Kumbe hata mashine imenijua, akawaza. Wenzangu wanaona maua, mimi nimeoza ndani mpaka picha zinanikataa.

Mkewe akainuka, akainama, akachungulia kwenye upenyo wa pale puani. Akajipiga paja. "We mwanaume! Si umefumba macho!"

Lahaula! Miaka yote ya kazi, kofia ya kuchomelea ikishuka usoni, Cheche hufumba. Ndivyo alivyozoea: funika, fumba, gusa chuma, moto ukishawaka ndipo utazame. Mwili ulikuwa umekaa pale unasubiri moto, na moto hauji. Akafumbua. Pazia la njano, dirisha, ua limesinyaa kwenye kopo linamngoja yeye. Akacheka mpaka miwani ikamteleza, na kicheko kikamshangaza, maana alidhani kimeshakufa.

Tangu siku hiyo alirudi bila kusukumwa. Akifungua dirisha ndani ya miwani, nyumbani naye anafungua moja la kweli. Akimwagilia ua la picha, nyumbani anaosha kikombe chake. Haba na haba. Siku mbaya zilikuwepo, tena mbaya kweli, lakini hazikuwa zote. Lililomshinda ni karakana tu. Akifika kona ya mtaa, miguu inagoma kama punda.

"Basi tuilete hapa," mshauri akasema, akamwazima mke wa Cheche kamera inayopiga picha pande zote kwa mpigo mmoja, akaipige karakana.

Miadi iliyofuata Cheche akavaa miwani, akafumbua macho, akajikuta katikati ya karakana yake. Meza ile. Mashine ile. Akageuza shingo polepole, akakitazama kitanda. Miguu minne.

"Nani?" akanguruma.

"Nani nini, baba?"

"Nani kanichomelea mavi ya kuku kwenye kitanda cha mjukuu wangu?"

Maana mshono wenyewe ulikuwa madongo madongo, hapa umevimba, pale umetoboka, na mguu umepinda. Akanyoosha mkono aukwangue. Mkono ukagonga meza ya mshauri, kalamu zikatawanyika sakafuni. Akavua miwani, huyo, mlango na njia! Hasira ilimpeleka mpaka kwenye kona, na hasira ikamvusha.

Alipowasha mashine ya kusagia chuma ndipo mkewe akafika, anahema. Cheche akasaga mguu ukatoka, akaunyoosha, akaurudisha mahali pake. Likabaki donge moja tu la ule mshono mbovu, kwa chini, kwenye fremu. Akashusha kofia ya kuchomelea, akafumba macho. Hapo giza likamjia, lile la asubuhi za kuitazama dari, na mkono ukabaki hewani.

"Gusa chuma, Baba," sauti ya mkewe ikatoka mlangoni. "Mimi nipo hapa."

Akagusa. Moto ukawaka, akafumbua, na mkono ukakumbuka kazi yake.

Alipovua kofia jasho lilikuwa linamtiririka. "Sasa niambie. Nani aliyenifanyia uharibifu huu, nimkomeshe?"

Mkewe akamwonyesha kiganja. Kulikuwa na alama ya moto, nyekundu bado.

"Wewe?" Cheche akakaa kitako. "Ulifanya makusudi, ili nikasirike?"

"Makusudi nini? Nilijitahidi kwa uwezo wangu wote, bwana! Nilitaka kimalizike, kisikutese tena."

Cheche akakishika kile kiganja, akakipuliza kama cha mtoto.

Binti alipokuja kukitazama kitanda, tumbo mbele, akakipapasa kote kwa furaha mpaka kidole kikagota kwa chini. "Baba, hapa umesahau donge. Lisage."

"Acha hivyohivyo," Cheche akasema. "Hilo ndilo lililoshikilia kila kitu."