Maji ni ya Nani

Dorkas hakuwa na baba. Hakuwa na shamba, wala kitanda alichonunuliwa na mtu. Pasipoti hakuwa nayo mpaka mwaka huu. Hakujua kuogelea, na bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda ya ukutani tu. Kiingereza chake kilitosha kuombea maji na kusemea asante. Cheti cha kidato cha nne alikuwa nacho, lakini alama zilizoandikwa pale hazikumfungulia hata mlango wa duka. Na katika ukoo mzima wa baba yake, hapa Kilimatinde, hakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kumuuliza anataka nini.

Hilo la mwisho ndilo linalonipandisha hasira mpaka leo. Wengine wamelisimulia sokoni kwa namna yao, wakamfanya binti kichaa na mama yake mkaidi. Mimi ni mjomba wake, Klara mama yake ni mdogo wangu, na nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho.

Dorkas ni fundi wa maturubai. Kibanda chake kiko Manyoni, kwenye barabara ya Dodoma, mahali malori ya alizeti na vitunguu yanaposimama madereva wapate chai. Lori likija na turubai lililochanika, yeye hulitandaza chini lote, akaketi katikati yake, akashona kwa sindano ya magunia huku kiganja chake kimekingwa na kipande cha ngozi. Mshono wake ni wa kubana, mfupi mfupi, na maji ya mvua hayapati njia. Madereva wengi hawapeleki maturubai yao kwa mtu mwingine. Mmoja wao, Calist, alikuwa na turubai lenye viraka vingi vya Dorkas kuliko turubai lenyewe, na alikuwa akimtania kwamba siku moja itabidi amlipie mahari.

Calist ndiye aliyeleta habari. Alikuwa amepeleka mzigo bandarini Dar es Salaam, akaikuta imetia nanga meli kubwa ya matanga, ya milingoti mitatu, ya aina ambayo sisi tulidhani iliisha zamani pamoja na wazee wetu. Meli ile huzunguka dunia ikifundisha watu ubaharia. Fundi wake wa matanga alikuwa ameugua na kuachwa bandari iliyotangulia, na msaidizi wake, mama mmoja wa Kizungu, alibaki peke yake na rundo la matanga yaliyopasuliwa na upepo. Walikuwa wanatafuta mtu wa kushona, wa kusafiri nao kupita Rasi ya Tumaini Jema, kuvuka bahari ile nyingine hadi Brazili, na kuendelea hadi Ulaya. Calist hakungoja. Aliwaonyesha picha za turubai lake.

Yule mama alimpigia Dorkas simu ya video na kumtaka ashone huku anamtazama. Dorkas akaiegesha simu kwenye kopo la rangi, akashona kiraka kimoja mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza aliulizwa kama anaogopa kupanda juu, maana matanga mengine hushonwa yakiwa hukohuko kwenye mlingoti. Dorkas akamjibu kwamba amezaliwa Kilimatinde, juu kabisa ukingoni mwa Bonde la Ufa, na tangu atambae amekuwa akilichungulia. Calist, aliyekuwa upande wa pili akitafsiri, anasema yule mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nafasi ikawa yake.

Yakaja masharti. Pasipoti tuliihangaikia, ikapatikana. Cheti cha daktari kikapatikana. Kikabaki kimoja: barua ya ndugu wa karibu, karatasi yenyewe na saini ya mkono, ikikubali kwamba mtu akifa katikati ya bahari, mbali na nchi kavu, mwili wake utashonewa ndani ya kitambaa cha tanga na kuzikwa baharini. Barua isipofika kwa wakala wao Dar es Salaam kabla ya mwisho wa mwezi, meli ingeondoka bila yeye.

Mimi sikuona ubaya. Niliona watu waungwana, wanaosema mapema jambo ambalo wengine hukuambia mkiwa msibani. Nilimwambia Klara atie saini twende tukaitume. Akakataa hata kuishika ile karatasi.

"Kaka, mimi nimemzaa tu," alisema. "Kuzika si kwangu."

Alikuwa anasema ukweli wa hapa kwetu. Mama huzaa, ukoo wa baba huzika. Na Klara tangu afiwe na mumewe Simeoni amekuwa akiishi kwenye nyumba iliyo ndani ya shamba la ukoo ule. Akaenda mwenyewe kwa shemeji yake Anselm, mkubwa wa ukoo, akamweleza. Anselm akaitisha kikao, Jumapili baada ya ibada, kwenye baraza la nyumba yake ya bati.

Mjomba katika kikao cha ukoo wa baba hupewa kiti na soda. Neno hapewi. Niliketishwa pembeni, penye upepo, kwa maelezo kwamba ni pazuri kwa kifua changu. Dorkas alipita akiwaamkia mmoja mmoja, shikamoo baba mkubwa, shikamoo bibi, magoti yake yakigusa sakafu kila mara, kisha akaketi kwenye mkeka karibu na mama yake.

Gasto, katibu wa ukoo, akasimama na karatasi. Sasa, ukoo ule haujawahi kuandika muhtasari wa kikao isipokuwa pale mtu anapokufa na mirathi inapotakiwa kupelekwa mahakamani. Gasto alikuwa amechukua muhtasari wa zamani, akanakili kila mstari, akabadilisha jina tu. Akasafisha koo na kusoma: "Kikao cha ukoo kuhusu marehemu Dorkas Simeoni."

Nilitazama nyuso. Hakuna aliyeshtuka. Wazee walikuwa wanatikisa vichwa kwa utulivu kama wanaosikia hesabu imetoka sawasawa. Dorkas mwenyewe ndiye aliyecheka.

"Kaka Gasto," alisema, "niache hata ninywe chai kwanza."

Gasto akaitazama karatasi yake, akasema jina lingekuja kurekebishwa baadaye, na akaendelea kusoma. Aliendelea! Katika aya ya tatu akamtaja marehemu tena.

Wakazungumza wengi. Mmoja alisema baharini kuna mapepo. Mwingine akauliza kama binti akirudi ataolewa na nani, mtu aliyelala chombo kimoja na wanaume miezi yote hiyo. Bibi mmoja alitaka kujua samaki wanaomla mtu kama nao huliwa na watu, na hapo palitokea mabishano marefu. Lakini yote hayo yalikuwa maneno ya kupisha muda. Walikuwa wanamngoja Anselm.

Anselm si mtu mjinga, na hilo hunikasirisha zaidi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye atakayeulizwa. Mtoto akipotea majini hakuna atakayemuuliza mjomba wala mama. Watamuuliza yeye, kaburi liko wapi. Akasema mtu bila kaburi nyumbani kwake ni kama hakuzaliwa. Kisha akamalizia kwa maneno niliyoyasikia mpaka kwenye mifupa.

"Ukoo huu," alisema, "haujawahi kumwacha mtu wake nje."

Nilisimama bila kuruhusiwa. Nilisema maneno hayo si ya kutamkwa mbele ya mke wa Simeoni. Anselm hakunipandishia sauti.

"Kaa, shemeji," alisema. "Tunajua ulisoma masomo ya usiku. Ndiyo maana wewe unaona gizani, sisi tunaona mchana."

Walicheka wote. Hata wale wanaokuja kwangu kusomewa barua zao za benki walicheka. Sikukaa. Lakini kabla sijapata jibu, Dorkas alikuwa amesimama kwenye mkeka wake.

"Baba mkubwa," alisema, "baba yangu yuko wapi?"

Hapo cheko likakatika. Kila mtu pale alijua alipo Simeoni. Yuko kwenye shimo la dhahabu huko kusini, upande wa Chunya, lililomwangukia wakati Dorkas hajaanza shule. Wenzake walimfukua, wakamweka, wakapiga simu, wakangoja ndugu. Wakati ule Anselm alikuwa na lori. Wiki hiyo lilikuwa limejaa alizeti ya kwenda kukamuliwa Singida mjini, na hakuona sababu ya kuipakua. Akasema ni mbali, akasema ardhi yote ni ya Mungu. Wachimbaji wakachoka kungoja, wakamzika wenyewe, hatujui wapi. Na hapa nyumbani ukoo ukachukua koti la Simeoni, ukalifunga ndani ya mkeka, ukalichimbia kaburi la futi sita na kuliwekea msalaba. Watu wakalia. Klara alinyolewa nywele kwa ajili ya koti.

"Nakuuliza kwa heshima," Dorkas aliendelea. "Mlisema ardhi yote ni ya Mungu. Basi maji ni ya nani?"

Anselm aliinamisha kichwa. Nilidhani aibu imempata, na kwa dakika ile nilikuwa tayari kumsamehe. Lakini alipofungua mdomo hakumjibu binti. Alimgeukia Klara. Akamwambia kwamba mtoto mwenye ulimi huo amefundishwa na mtu, na yeye hana ugomvi na mtoto. Ila akitia saini ile karatasi, ajue ameutoa mwili wa mtu wa ukoo bila ruhusa ya ukoo, na nyumba anayolala ni ya ukoo vilevile. Asiseme hakuambiwa. Gasto akaandika hilo pia.

Klara alikusanya kanga yake mabegani, akasema kuku wake hawajapewa maji, akaondoka. Basi.

Nilimfuata njia nzima nikifoka. Nilimwambia kwamba amemwacha mwanawe peke yake katikati ya fisi. Nilimwambia hofu yake ya vyumba viwili vya udongo ndiyo itakayomrudisha Dorkas kwenye viraka maisha yake yote. Dorkas alinishika mkono, akaniomba ninyamaze, na mimi nikamfokea naye. Klara alitembea mbele yetu bila kugeuka. Alipofika aliwapa kuku maji, kama alivyosema.

Asubuhi nilirudi na barua niliyoiandika mwenyewe. Ilikuwa barua nzuri. Ilianza na rejea ya mazungumzo yetu, ikatumia maneno "kwa unyenyekevu mkubwa", na mwisho ilikuwa na nafasi ya saini yangu kama mjomba na mlezi. Nilikuwa nimeamua: ukoo ukitaka kugombana, ugombane na mimi. Klara aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

"Mwandiko wako ni mzuri," alisema. "Kaa, uandike tena. Safari hii maneno ni yangu."

"Na nyumba?"

"Nyumba ina mlango. Waje wanitoe mchana, watu wakiona. Na wakinitoa, wafukue lile koti wanipe, niondoke nalo." Sauti yake ilikuwa imepanda. Sikuwahi kumsikia hivyo tangu tulipokuwa watoto. "Miaka yote hii, kaka. Pasaka, Krismasi, napalilia, napaka chokaa. Nimefagia koti. Anselm anapita njiani ananisalimu, ananiambia shemeji, unalitunza vizuri kaburi. Ananisifu! Jana amesema hawajamwacha mtu nje, na mimi nimeketi pale pale, kwenye mkeka, ananitazama."

Dorkas alikuwa mlangoni na begi lake. Alitaka kumshika mama yake, Klara akamzuia kwa kiganja.

"Usinipoze. Nikipoa sitaiandika."

Nikachukua kalamu. Aliisema akiwa anatembea kati ya jiko na dirisha, na mimi niliandika bila kubadilisha hata nukta:

"Kwa wenye meli. Mimi ni Klara, mama wa Dorkas Simeoni. Nimesoma masharti yenu. Mwanangu akifa bahari ikiwa kubwa na nchi iko mbali, nakubali mumzike baharini. Mumshone vizuri, yeye mwenyewe hashoni ovyo. Lakini nami nina sharti. Mniandikie ni mahali gani. Nimeambiwa mna vyombo vya kujua mlipo hata pasipo na alama. Basi andikeni mahali hapo kwa namba zake, mniletee mimi, si kwa ukoo. Baba yake alizikwa na watu wema ambao hawakuniambia ni wapi, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuwauliza. Msinitumie nguo zake ili nizike nguo. Akiwa mzima, mrudisheni mzima. Ana mama."

Akatia saini. Jina lake aliliandika lote, herufi kubwa kubwa, likavuka mstari na kuingia kwenye ukingo wa karatasi. Nilitaka kumweleza kwamba neno "ovyo" si la barua rasmi. Badala yake nilifunika kalamu.

Aliikunja mwenyewe, akaitia kwenye bahasha, akaulamba ukingo wa gundi na kuufunga. Kisha aliweka kiganja chake juu ya bahasha, akaiegemea kwa uzito wake wote juu ya meza, muda mrefu kuliko gundi ilivyohitaji.

Tulipanda bodaboda mbili hadi Manyoni. Njiani tulimpita Anselm amesimama nje ya geti lake. Klara hakugeuza shingo, na bahasha alikuwa ameishika mkononi, nje, ionekane. Posta alipanga foleni yeye. Karani alipomwambia angeweza kuniachia mimi nimalizie, akapumzike kwenye benchi, alimwambia hapana. Aliitazama bahasha ikigongwa muhuri, akaitazama ikitiwa kwenye gunia pamoja na nyingine, akaendelea kusimama pale dirishani mpaka gunia likafungwa kamba na kubebwa kwenda kwenye gari.