Arobaini na Nne

Liao Yu-hsia alikuwa ametimiza miaka ishirini na moja kwenye kampuni ya kebo ya Shuiwei, na hata nyumbani kwake hakuna aliyejua hasa anafanya nini huko. Mumewe akiulizwa husema, "Yuko kwenye mambo ya televisheni," kisha anarudi kwenye gazeti lake. Kumbe Yu-hsia ndiye aliyekuwa akipanga namba. Mtu wa Shuiwei akibonyeza ishirini na tatu akapata katuni, au hamsini na mbili akapata mtangazaji wa habari mwenye nywele zilizogandishwa kwa dawa, huo ni mkono wa Yu-hsia. Alikuwa anazijua chaneli kama mwalimu anavyowajua wanafunzi darasani: huyu na huyu wasikae pamoja, huyu akiwekwa nyuma atalalamika, na yule hata ukimweka juu ya meza ya mwalimu bado atasema haonekani.

Mwaka ule ilikuja barua kutoka mamlaka ya utangazaji, Taipei. Chaneli zote zipangwe upya kwa aina: habari na habari, dini na dini, michezo na michezo, na kuanzia mbili mpaka tisini na tisa pasiwe na pengo.

Meneja Tseng aliisoma mara mbili, akavua miwani, akamwita Yu-hsia.

"Dada Liao, tuna mapengo mangapi?"

"Moja tu, bosi."

"Lipi?"

Yu-hsia aliinua vidole vinne, mara mbili, na Meneja Tseng akaelewa. Nne kwa lugha yao hutamkwa karibu sawa na kifo. Hospitali ya mji haikuwa na ghorofa ya nne, na kwenye televisheni za Shuiwei ukitoka arobaini na tatu ulitua moja kwa moja arobaini na tano, tangu kebo ya kwanza ilipovutwa. Nne moja peke yake watu walishaizoea, lakini mbili zikifuatana zilikuwa ni kukiita kifo kije na nduguye.

"Itafutie mtu," alisema Meneja Tseng.

"Niitafutie nani?"

"Ingekuwa rahisi mimi ningemtafuta mwenyewe."

Yu-hsia alianza na watawa wa Kibudha, akiamini watu walioacha dunia hawawezi kuiogopa namba. Mtawa Ju-yuan, aliyesimamia chaneli ya mahubiri, alimkaribisha kwa chai na karanga, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Sisi, mwanangu, hatuogopi kifo," alisema kwa upole. "Kifo ni mlango."

"Nashukuru sana, Mama Mtawa. Basi niandike arobaini na nne?"

"Usiandike. Sisi hatuogopi, ila wanaotuchangia ujenzi wa jumba jipya wanaogopa sana."

Kutoka hapo alikwenda kwa mwenye chaneli ya uvuvi wa kwenye mabwawa, mwanamume mnene aliyekuwa akila tambi huku akizungumza. Huyo hakutaka hata karatasi iwekwe mezani pake. "Dada, samaki wenyewe wanakufa. Ukiniongezea na namba, mtazamaji atabaki na nini cha kufurahia?"

Siku ya tatu akaingia kwa Bwana Kao, mwenye nyumba ya mazishi, aliyekuwa na kipindi chake kila Jumapili na muda mrefu alitamani chaneli kamili. Yu-hsia alikwenda na tabasamu, maana alijua hapo kazi imekwisha. Bwana Kao alivyosikia namba, alikunja uso kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Dada Liao, mimi na marehemu mumeo tulisoma pamoja."

"Mume wangu yu hai, Bwana Kao."

"Nisamehe, ni mazoea ya kazi. Nilichotaka kusema, sisi ndio hatuwezi kabisa. Watu tayari wanavuka barabara wakituona. Hapa dukani hatutaji hata kifo, tunasema safari. Nipe sitini na sita, namba ya bahati, nitakushukuru."

Sitini na sita ilikuwa imeshachukuliwa na wauza sufuria.

Siku ya mwisho ya kupeleka orodha, Yu-hsia aliketi chumba cha mitambo na fundi A-kuo, mtu wa makamo aliyezungumza kidogo na kutafuna njugumawe kutwa nzima. Walikuwa wamebakiwa na pengo moja na muda wa saa mbili.

"Barua inasema pasiwe na pengo," A-kuo alisema. "Haisemi pawe na nini."

"Una maana gani?"

A-kuo hakueleza. Alipanda darini, akaichukua ile kamera ndogo iliyokuwa ikilinda pikipiki za wafanyakazi, akaigeuza iangalie barabara, akashuka na kuchomeka waya. Kwenye arobaini na nne ikatokea njia panda ya Mtaa wa Chunghua: taa nne, duka la dawa, kinyozi, mkahawa wa bata, mkokoteni wa keki za maharage mekundu, na mbwa amelala. Haikuwa na sauti wala maneno. Yu-hsia aliitazama kidogo.

"Itakaa wiki mbili," alisema. "Mpaka nipate mwenye akili timamu."

"Mwenye akili timamu hataitaka," alisema A-kuo, akarudi kwenye njugu zake.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeigusa. Wiki ya pili mvua kubwa ikanyesha, na mvua ndiyo iliyoleta mambo. Huko Shuiwei taka huwezi kuziacha nje; lori hupita jioni likipiga wimbo wake wa piano, nawe unashuka na mfuko wako mkononi, unalisubiri. Siku ya mvua unasubiri unalowa. Sasa mama mmoja wa ghorofa ya sita, katika kubonyeza rimoti akitafuta tamthilia ya Kikorea, aliteleza akaangukia arobaini na nne, akaliona lori lile la manjano likikata kona ya duka la dawa. Alishuka bila haraka, akafika mlangoni sambamba na lori, akatupa, akapanda, mkavu kama unga. Jirani yake aliyekuwa amelowa hadi soksi alimwuliza amejuaje.

Kufika mwisho wa mwezi, Shuiwei nzima saa kumi na mbili jioni ilikuwa arobaini na nne. Watu walikoma kuogopa kuitaja. Walisema, "Washa Nne-Nne tuone lori limefika wapi," kama wanavyosema washa taa.

Na mtu akishakaa mbele ya televisheni akisubiri lori, anaona na mengine. Yu-hsia alianza kusikia habari sokoni. Kwamba karani wa benki anavuka kwenye taa nyekundu. Kwamba mwalimu mkuu aliyestaafu na muuza maua husalimiana kwa muda unaozidi salamu. Wasichana wa shule walianza kuchana nywele kabla ya kufika duka la dawa, na mgombea mmoja wa udiwani alisimama njia panda siku tatu mfululizo akiinama kuyasalimia magari, mpaka polisi wa trafiki akamwomba ahame.

Hata Yu-hsia hakupona. Jioni moja mama mkwe wake, Mama Chang, alimpakulia wali na mboga, akaketi mbele yake bila kula.

"Mkwe wangu, daktari alisemaje kuhusu vyakula vya mafuta?"

"Alisema nipunguze, mama."

"Leo saa sita na robo ulikuwa unapunguza kwenye mkahawa wa bata?"

"Nilipita tu, mama."

"Ulipita dakika arobaini. Mimi na Mama Hung wa jirani tulihesabu, tukadhani umezirai humo ndani. Nilikuwa natafuta viatu nije."

Usiku ule alifikiria kuikata ile chaneli, na asubuhi alikuwa ameshaandika karatasi ya kumwambia A-kuo. Lakini alipoingia chumba cha mitambo alimkuta fundi amesimama, jambo ambalo si kawaida yake, macho kwenye skrini.

"Mwone huyu," A-kuo alisema.

Bibi mmoja mwenye koti la mvua la kijani, ingawa jua lilikuwa linawaka, alikuwa amesimama katikati ya kivuko cha waenda kwa miguu. Aliinua uso kuelekea kamera, akapunga mkono mara tatu, akaonyesha kitunguu kikubwa cha majani alichokishika, akaendelea na safari yake.

"Kila siku saa nne kamili," A-kuo alisema. "Jana ilikuwa samaki."

Yu-hsia aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni.

Shida ikatoka upande mwingine. Kinyozi, Bwana Wu, alikuwa na kisukari na mke mkali, na mkokoteni wa keki za maharage ulikuwa hatua nane kutoka kiti chake cha kunyolea. Mke wake alikaa nyumbani na rimoti. Baada ya wiki tatu za kupigiwa simu keki ikiwa bado mdomoni, Bwana Wu aliandika barua ya kurasa nne kwenda Taipei, akieleza kwamba kuna chaneli isiyo na jina, isiyo na leseni, na isiyo na huruma.

Ofisa wa Taipei alipiga simu Jumatatu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekula chakula cha mchana akiandika.

"Bibi Liao, hii arobaini na nne yenu inaitwaje?"

"Haina jina, mheshimiwa."

"Fomu haikubali chaneli isiyo na jina. Inaonyesha nini?"

"Njia panda."

"Ya nini?"

"Ya hapa kwetu."

"Na kuna nini hapo njia panda?"

Yu-hsia aliitazama skrini. "Sasa hivi kuna mbwa."

Ofisa alimpa wiki moja: fomu ijazwe, na sahihi mia tatu za watazamaji, au ifungwe.

Sahihi hazikuwa tatizo. Mama Chang peke yake alileta themanini, akiwa amezunguka jengo zima na Mama Hung. Mtawa Ju-yuan alitia sahihi na kuuliza, kwa upole uleule, kama namba ile bado ingeweza kujadiliwa. Tatizo lilikuwa mlalamikaji, maana ofisa alitaka na yeye aridhike. Yu-hsia akaenda kwa kinyozi.

"Nitasaini," alisema Bwana Wu, "mkiisogeza kamera kushoto, mkokoteni usionekane."

Kabla Yu-hsia hajajibu, simu ya ukutani ililia. Bwana Wu alisikiliza, akamkabidhi. Ilikuwa mkewe. "Dada, nakuona hapo kwenye kioo cha dirisha. Ikisogezwa hata kidole kimoja, mimi ninafuta sahihi yangu na za dada zangu sita."

Yu-hsia alikwenda na kurudi kati ya wale wawili siku nne, kama mshenga wa watu waliokwisha kuoana. Aliyemaliza ugomvi ni muuza keki. Wanaume wa Shuiwei, ambao wengi wao walikuwa na mke nyumbani na sukari kwenye damu, walikuwa wameacha kusogea pale, na keki zilikuwa zinapoa. Asubuhi ya tano aliusukuma mkokoteni wake mwenyewe hadi nyuma ya ofisi ya posta, mahali kamera haifiki. Mke wa kinyozi akafurahi kwamba keki zimeondoka. Bwana Wu akafurahi zaidi, ila hakusema kwa nini, na akasaini.

Ikabaki fomu. Kwenye jina, Yu-hsia aliandika Njia Panda. Kwenye aina alikwama, akampigia ofisa.

"Si habari?" ofisa aliuliza.

"Ikiwa habari itabidi niihamishie kwenye namba za hamsini na kitu, na huko kumejaa."

"Michezo?"

"Hapana, mheshimiwa. Labda siku ya lori la taka."

"Dini?"

"Mama mkwe wangu angekubali."

Alisikia karatasi zikipekuliwa. "Kuna aina inaitwa Mengineyo. Haina chaneli hata moja nchi nzima. Na namba mnataka ipi? Mnaruhusiwa kuomba nyingine."

"Ileile."

"Arobaini na nne?"

"Ndiyo."

"Bibi Liao, nina miaka kumi na sita hapa. Hii namba hakuna aliyewahi kuniomba." Akagonga mhuri, Yu-hsia aliusikia hadi Shuiwei.

Siku iliyofuata, saa nne, alishuka mwenyewe njia panda akamkuta bibi wa koti la kijani anavuka na maboga. Aliitwa Tsai A-mien. Alimwambia Yu-hsia kwamba anampungia dada yake, A-lien, aliyevunjika nyonga na hajatoka kitandani tangu masika. Humwonyesha anachokwenda kupika, ili asiseme baadaye hakuulizwa. Akamkaribisha nyumbani.

A-lien alikuwa amelala na mito mitatu mgongoni na rimoti kifuani, nusu ya uso ikimulikwa na mwanga wa televisheni. Yu-hsia alijitambulisha kwamba ndiye anayepanga namba, akatoa habari kwamba chaneli imepata leseni, haitafungwa. Alitegemea labda chozi.

A-lien alimtazama. "Wewe ndiye mwenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi mwambie huyu dada yangu aache kunipungia. Mji mzima unatazama. Na koti lile nimemkataza tangu mwaka juzi." Akageuza shingo kuelekea jikoni, akapaza sauti. "Na maboga sitaki. Nilitikisa kichwa, hukuona?"

"Ningekuonaje?" A-mien alijibu akikata maboga.

"Huangalii," alisema A-lien, akamwonyesha Yu-hsia kiti kilicho karibu na kitanda, mahali pa kuionea televisheni vizuri.