Mafuta ya Edidiong

Asubuhi ile Mma Atim alifika kwenye kituo cha kununulia mawese akisukuma pipa lake mwenyewe kwenye toroli. Wanawake wenzake wakampisha mbele bila neno. Mfiwa hapangiwi foleni. Pipa lilikuwa na mafuta ya mikungu ya mwisho aliyoikata mwanawe Edidiong kabla hajaanguka kutoka juu ya mchikichi.

Mpimaji wa kituo alikuwa binti yake, Nsikan.

"Yapime vizuri, mwanangu," mama alisema dirishani. "Haya ya kaka yako. Nataka yaingie tangi kubwa, pamoja na ya watu."

"Yataingia, Mama. Kaa kivulini."

Alisema hivyo huku akichota mafuta kidogo pipani. Chikichi ikishakatwa haimngoji mtu, kila siku inayolala chini asidi inapanda. Na zile za Edidiong zililala tangu msiba mpaka baada ya mazishi, mama amezikalia kama kuku na mayai yake, hataki mtu aziinjike motoni. Nani angemwambia? Hata Nsikan mwenyewe hakuthubutu.

Akapima gramu tano, akaziyeyusha kwa spiriti ya moto, akatia matone mawili ya dawa ya rangi. Kisha akafungua koki ya bureti, ule mrija mrefu wa kioo wenye mistari, maji ya kostiki yakashuka tone kwa tone huku akiitikisa chupa. Kostiki humaliza asidi. Asidi ikiisha, tone moja la kostiki linalozidi hugeuza spiriti kuwa waridi. Rangi ikiwahi, mafuta ni mazuri.

Kituo hakipokei asidi inayozidi asilimia tano, kwa hiyo waridi ilipaswa kutokea kabla ya mililita ya kumi. Kwenye ya tisa Nsikan alianza kuomba.

"Geuka basi. Geuka, tafadhali."

Ya kumi ikapita. Ya kumi na mbili nayo. Waridi ilikuja kutulia kwenye kumi na nne na nukta mbili.

Akarudia, akarudia tena, akitamani mkono wake ndio uwe umekosea. Jibu likawa lile lile. Mililita 14.2, mara 0.1 ambayo ni nguvu ya kostiki, mara 25.6, kigezo cha asidi ya mawese, gawanya kwa gramu tano: asilimia saba na ushei.

Etukudo, mtunza tangi, alichungulia begani pake. "Dada, la kuvunda halina ubani. Hayo ni ya kupikia sabuni tu."

"Funga domo lako, Etukudo!"

Akatoka nje, akachuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, asidi imezidi. Yakiingia tangini yataharibu ya wenzako wote."

"Imezidi vipi? Edidiong alikata chikichi mbivu, nzuri."

"Alikata vizuri, Mama. Zilikaa mno."

"Andika tano. Nani atajua?"

"Siwezi, Mama."

Mma Atim alilitazama pipa, akalifuta kwa ncha ya kanga ingawa halikuwa na vumbi.

"Nilikuwa najiambia, maadamu zipo pale uani, kazi ya mwanangu haijaisha," alisema polepole. "Kumbe ni mimi niliyeiozesha."

Nsikan alitaka kumwambia siyo hivyo, Mama. Lakini alikuwa ameshapima mwenyewe, mara tatu.