Korongo wa Suguti

Isidori alikuwa mpiga picha pale Musoma mjini, akijulikana kwa picha za harusi na za komunyo ya kwanza. Wachache tu walijua kwamba katika kila mkanda alibakiza picha tatu za mwisho, na Jumapili baada ya misa akapanda baiskeli mpaka bondeni Suguti kuwapiga picha korongo taji.

Alijibanza kwenye matete, matope yakimfika magotini, akangoja. Dume akiinamisha kichwa na jike akajibu, basi ngoma imeanza: mbawa zinakunjuliwa, miguu mirefu inarukaruka, taji za dhahabu zinatikisika juani. Isidori alisahau hata kupumua. Kwa miaka kumi na mmoja alikusanya negativu zao, vipande vya mkanda vilivyokwisha kusafishwa, kwenye kopo la maziwa ya unga. Lenzi ndefu aliyouziwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao aliifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga.

Mwaka wa themanini na tatu ukaja msako wa wahujumu uchumi. Sabuni yenyewe ilikuwa haionekani, sembuse mikanda ya picha. Ile minne aliyokuwa nayo Isidori ilivushwa kutoka Kenya kwa njia za panya. Siku jirani yao mwenye duka alipochukuliwa na askari kwa sababu ya khanga alizozificha darini, Getruda, mkewe Isidori, alifunga mlango akakaa chini.

"Baba Hyasinta, hiyo lenzi una stakabadhi yake?"

"Padri hakuniandikia kitu."

"Na mikanda?"

Isidori aliivuta shuka, akaifunika lenzi vizuri.

"Sikukatazi ndege wako," Getruda alisema. "Ila wakivikuta humu wakakuchukua, hawa watoto nitawaambia nini?"

Jioni ile ile Isidori alitia lenzi na mikanda ndani ya gunia. Akatia na kopo la negativu, maana askari gani angeamini kwamba mtu mzima anaficha picha za ndege bure? Akalitumbukiza gunia kwenye shimo la choo. Akabaki na kamera yake ya kazi tu, iliyokuwa na karatasi zake zote.

Hakuna aliyekuja kupekua. Si wiki ile, si mwaka ule.

Bidhaa ziliporudi madukani, mwaka wa themanini na saba, Isidori alinunua mkanda mchana kweupe kama anayenunua chumvi. Jumapili akashika njia ya Suguti. Hakuwa na lenzi ndefu. Alijiambia atawanyatia karibu.

Matete hayakuwepo. Bonde zima lilikuwa mpunga. Masatu, mkulima waliyezoea kusalimiana naye, alikuwa ukingoni akipalilia.

"Umepotea sana, mzee wa picha."

"Korongo wameenda wapi?"

"Wako kwangu. Twende ukawaone."

Nyuma ya nyumba, ndani ya uzio wa fito, walisimama korongo watano. Masatu alieleza kwamba kuna mnunuzi anatoka Arusha, anawasafirisha Ulaya wakiwa hai. "Zamani walikuwaga wanatumalizia mbegu tu. Sasa wana faida. Na wewe leo utawapiga vizuri, hawakukimbii."

Isidori aliwatazama. Hakuna aliyeinamisha kichwa, hakuna aliyejibu.

"Masatu, niachie mmoja aende."

Masatu hakuwa mtu mbaya. Alimtazama kwa huruma, akafungua uzio, akamtoa jike mmoja. Yule ndege alipiga hatua chache, akakunjua mbawa, akaruka, akaangukia kifua. Akajaribu tena, akaanguka tena. Kisha akainuka, akatembea polepole mpaka kwenye fito, akasimama karibu na wenzake.

"Niliwakata manyoya ya mbawa juzi," Masatu alisema. "Ungekuja mapema."

Isidori alifika nyumbani jua likizama. Getruda alimtengea maji ya kunawa miguu.

"Uliwakuta?"

"Niliwakuta."

"Wamecheza?"

"Hapana." Akamsimulia yote, taratibu, bila kumtazama.

Getruda alimmwagia maji miguuni. "Ningejua kwamba askari hawatakuja kupekua, zile picha zako..." alianza.

"Hakuna aliyejua, mama Hyasinta."

Isidori alisema hivyo, na ilikuwa kweli, lakini haikumpunguzia hata mmoja wao uchungu. Aliivua kamera shingoni, akaingia ndani kulala bila kula.