Mafuta ya Taa Kwenye Tangi la Nimesh

"Hizo karatasi zako peleka shule, Mama Cheruto," Nimesh alisema, akiisukuma karatasi kando kama anayefukuza nzi kwenye sahani. "Baba yangu alisafisha mafuta hapa maisha yake yote na hakuwahi kudondoshea karatasi hata tone."

"Baba yako hakuletewa mafuta kama haya," Jepkemei akamjibu. "Angalia tu. Nimekuomba uangalie, sijakuomba ule."

Hakuangalia. Jepkemei alibaki ameishika karatasi ya kuchujia mbele ya tanuri linalonguruma. Katikati yake tone lilikuwa limekauka na kuacha doa jeusi kama mboni ya jicho, limezungukwa na duara hafifu la rangi ya chai. Mafuta mazima yangeenea rangi moja hadi ukingoni. Haya yalikuwa yamekatika, lami mbali na mafuta mbali. Alikuwa amemweleza hivyo asubuhi, akamweleza tena wakati wa chai, na sasa koo lilikuwa linamwasha.

Kiwanda cha Nimesh kilikuwa kidogo, nje ya Nakuru upande wa Bahati. Kilinunua oili chafu ya malori kutoka gereji za Mai Mahiu, kikaipasha moto, kikaichuja na kuwauzia wenye matanuri ya mikate na ya matofali. Baridi ya asubuhi ikiigandisha, marehemu Darshan, babake Nimesh, aliitilia mafuta ya taa ikalainika, na kazi ikaendelea. Hakuna aliyekosana naye kwa hilo. Lakini safari hii Nimesh alikuwa amenunua mafuta mazito, yale meusi yanayobaki chini baada ya kila kizuri kutolewa, mazito kama uji wa lami. Juzi, Jepkemei, msimamizi wa mitambo, akiwa nyumbani na mtoto mgonjwa, Nimesh aliyatilia mafuta ya taa vilevile, kwa kukadiria kwa macho, kwa sababu ndivyo walivyofanya kwao siku zote.

Lami ya mafuta hayo mazito ilikuwa imetulia ndani yake. Ilipokutana na mafuta ya taa ilikatika kama chai ya maziwa iliyokamuliwa ndimu. Ikawa tope, pampu ikalisukuma tope hadi kwenye mabomba ya tanuri, na humo likaungua, likashika kuta na kuwa makaa. Ogada, mtunza moto, alikuwa ameosha chujio asubuhi nzima hadi rangi ya ovaroli yake isijulikane. Geji ya presha kabla ya tanuri ilizidi kupanda, na bado mafuta yaliyotoka upande wa pili yalikuwa vuguvugu. Dawa ya Nimesh ilikuwa moja: ongeza moto.

Na habari ya kuzima hakutaka kuisikia. Leo walikuwa wamefungua biashara baada ya Diwali. Mama yake, Leela, alikuwa amekuja kutoka Milimani na nazi, maua na taa ya samli, akapaka alama nyekundu kwenye mlango wa tanuri, kisha Nimesh akawasha. Katika familia yao, moto uliowashwa saa hiyo njema hauzimwi kabla ya jua kutua. Ukizimwa, ni kama umeuzima mwaka mzima. Sasa mama alikuwa ofisini na wageni, wanakula barfi, vile vitamu vya maziwa, na kuutazama moshi dirishani.

Jepkemei hakuwa na ugomvi na maombi. Yeye ni mtu wa kanisa, lakini alikuwa ameinamisha kichwa kama wengine na barfi akala, tamu kweli. Kilichomchosha ni kichwa kigumu. Nyumbani alikuwa na kimoja cha miaka mitatu kisichotaka kuvaa viatu, na hapa kingine chenye ndevu.

"Ogada, fungua moto kidogo," Nimesh alisema.

Ogada akamtazama Jepkemei. Mkono wake ulikuwa juu ya valvu, uso wake karibu kabisa na mlango wa tanuri.

"Subiri," Jepkemei akasema, akainama kwenye tundu la kuchungulia.

Mabomba yote yalikuwa meusi isipokuwa moja. Hilo lilikuwa na baka jekundu, kubwa kama chapati, na hapo bomba lilikuwa limeanza kuvimba. Aliinuka taratibu. Bomba lile likipasuka, mafuta moto yangetoka kwa nguvu mpaka mlangoni, na mlangoni alikuwa amesimama Ogada.

Akamwambia Nimesh achungulie. Nimesh alichungulia haraka haraka akasema ni mwanga wa moto tu. Akaongeza kwamba zimebaki saa chache jua litue, kesho Jepkemei afungue kila kitu anachotaka, hata misumari.

"Boss, nani atasimama hapa hizo saa chache?"

"Si ni kazi ya Ogada?"

"Ogada, toka hapo," Jepkemei alisema. "Mpe boss glavu."

Ogada alizivua polepole, kama mtu asiyejua kama huu ni mzaha, akamkabidhi. Nimesh alizipokea. Alitazama mlango, akatazama dirisha la ofisi, akasogea nusu hatua, halafu akaishia hapo. Akainama tena kwenye tundu, na safari hii alikaa huko. Alipoinuka jasho lilikuwa limemtiririka hadi kidevuni.

"Kwa nini usisimame pale mlangoni?" Jepkemei aliuliza. "Si ni mwanga tu?"

"Nikiuzima, mama atasema nimemzika mzee mara ya pili."

"Na mke wa Ogada tutamwambia nini?"

Jepkemei hakungoja jibu, maana alikuwa amemngoja huyu mtu tangu asubuhi. Alizichukua glavu mikononi mwa Nimesh, akazivaa, akaishika valvu ya moto na kuizungusha hadi ikagoma. Ngurumo ikakatika. Akafungulia mvuke ujaze tumbo la tanuri na kuua mwali uliobaki, akamwambia Ogada aiache pampu izunguke polepole ili mafuta yabebe joto lililobaki. Moshi ukakonda juu ya bomba la moshi, kisha ukaisha, na mlango wa ofisi ukafunguliwa.

"Nimesh?" sauti ya Leela ilitoka huko.

"Ni mimi, mama," Jepkemei alisema, akaanza kutembea kuelekea ofisini akiwa bado na glavu mikononi. "Nimeuzima mimi."