Kiganja Chekundu

Mrushaji hudanganya. Muulize kama mkono unauma, atakwambia uko sawa hata kama kiwiko kinawaka moto. Ndiyo maana Kocha Micah, anayetufunza besiboli hapa Kaptembwo, hamuulizi Nabalayo kitu. Kila raundi ikiisha huniita mimi, mdakaji, nivue glavu. Kiganja kikiwa chekundu kwa kugongwa na mipira yake, Nabalayo bado ana nguvu. Kikirudia rangi yake, anapumzishwa.

Nimedaka mipira yake miaka mitatu. Uwanjani namwonyesha vidole, naye hurusha ninachotaka bila ubishi. Nje ya uwanja tunabishana hata juu ya mandazi.

Siku tuliyocheza na Elburgon, wateuzi wa timu ya taifa ya vijana walikuja. Walitaka mrushaji mmoja, tena anayeweza kumaliza mechi. Umri wa Nabalayo ulikuwa unamruhusu mwaka huo tu.

Raundi ya tano, mpira ulianza kuingia kwenye glavu bila kishindo. Tukielekea benchi akaninong'oneza, "Chela, usinichome kwa Kocha. Zimebaki raundi mbili tu."

"Na mkono?"

"Uko poa."

Niliogopa, lakini nilimpenda kuliko nilivyoogopa. Nikapitia nyuma ya choo, nikakipiga kiganja ukutani mara sita. Kocha alipokishika, Nabalayo alichungulia pia, akatabasamu.

"Aendelee," Kocha akasema.

Raundi ya sita alirusha kwa nguvu ambayo sikuwa nimeiona siku nzima. Mipira minne. Wa tano haukunifikia. Nilipoinua kofia ya chuma kutoka usoni, alikuwa amepiga magoti, ameshika kiwiko.

Alipasuliwa mwezi uliofuata. Daktari alisema mkono utaandika na kupika, lakini kurusha basi. Wateuzi walichukua mtu mwingine.

Jumamosi iliyopita alikuja uwanjani, akanirushia kwa mkono wa kushoto. Mpira ulidunda mara mbili kabla ya kunifikia. Akaja hadi nilipokuwa.

"Vua glavu nione."

Nikavua. Hakukuwa na kitu.

"Siku ile kilikuwa chekundu sana," akasema.

Nilikuwa nimechoka kudanganya, na mimi si mrushaji. "Nilikipiga kwa ukuta, Naba. Nyuma ya choo."

Akakitazama kile kiganja.

"Mimi nilidhani ni mpira wangu," akasema. "Ndiyo maana nikaongeza nguvu."